Nilivyomsindikiza Mgeni Hadi Mwanza

Sogea, ndugu yangu, unisikilize, wala usiharakishe kucheka. Haya yalinipata mimi mwenyewe, Newala, enzi za vijiji vya Ujamaa, wakati ng'ambo ya Ruvuma vita vya Msumbiji vikiendelea.

Nilikuwa mwalimu wa jiografia, mzaliwa wa Mwanza. Kwanza nikueleze umbali, maana bila huo hutaielewa hofu yangu. Toka Newala hadi Mwanza, hata ukipiga mstari ulionyooka kwenye ramani, ni zaidi ya kilomita elfu moja. Ndege ingechukua saa kadhaa, kama ingekuwapo ya moja kwa moja. Haikuwapo. Na masika yale barabara zilikuwa zimefungwa, nami nimepata simu ya maandishi kwamba mama yangu hajiwezi.

Magharibi moja, bibi mmoja nisiyemjua akapiga hodi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, Mwalimu. Natoka kwenu. Mama yako kanipa kitoweo chako.”

Akafunua jani la mgomba. Sato! Samaki wa ziwa, mashavu yake yakifumba na kufumbua. Niamini. Huku juu mlimani hata maji ya kunywa tuliyateremkia bondeni.

“Umeondoka lini, mama?”

“Jua lilipotua ziwani.”

Nikatazama nje. Jua ndiyo kwanza lilikuwa linatua Newala. Na Mwanza iko magharibi yetu, unanielewa? Kule lilikuwa bado liko juu ya maji.

Alipoaga, mdomo wangu ukasema wenyewe, kwa mazoea ya adabu: “Ngoja nikusindikize.”

“Hadi wapi, mwanangu?”

Nikajitia utani. “Hadi kwetu Mwanza!”

Hakucheka. “Haya. Shika upindo wa khanga yangu.”

Ningekataaje? Nilimtaka mama yangu. Nikashika. Ardhi ikanitoka miguuni. Upepo wa baridi, harufu ya ziwa, kisha kikohozi ninachokijua, na sauti: “Nani huyo mlangoni?”

Hapo mikono ikanikaba kiunoni. Jirani yangu, Mama Zainabu, alikuwa akipiga kelele: “Mwalimu! Sema unaishia hapa! Sema!”

“Naishia hapa!”

Nikaanguka kwenye matope ya uani kwangu. Bibi hayupo.

“Na kusoma kote huko!” Mama Zainabu akanifokea huku analia. “Unamwahidi safari mtu usiyejua anakolala? Baba Zainabu alimwambia bibi huyuhuyu, ‘Nitakufikisha.’ Hadi leo yuko njiani.”

Mama yangu alifariki jioni ileile. Barabara zilipofunguka nikaenda, na dada yangu akanisimulia maneno yake ya mwisho: “Mbona mwanangu ameishia mlangoni?”

Mkono ulioshika khanga haujapata joto tena, hata nikiuweka motoni.

Basi mgeni akiaga, msindikize, ni heshima. Ila kabla hujainua mguu, mwonyeshe kwa kidole mahali, umwambie kwa sauti: “Mimi nitaishia pale.”