Siku Niliyomlaza Mume Wangu kwa Ugonjwa wa Paka

Wanangu, kuna aibu za kuficha, na kuna nyingine hata ukizificha watu watakuja kukusimulia wewe mwenyewe. Hii yangu ni ya namna ya pili, kwa hiyo bora niiseme mimi kabla hamjaisikia kwa Mama Neema, maana yeye akiisimulia anacheka mpaka analia na haifiki mwisho.

Tulikuwa na paka jike, Soksi, mweusi mwenye miguu myeupe. Aliletwa na kitinda mimba wangu akiwa bado shule, binti akaja kuolewa huko Murungu, upande wa Kibondo, akazaa na watoto wake wakaanza kuota meno, paka akabaki kwetu hapa Kasulu anazeeka pamoja na sisi. Watoto wote walishaondoka. Tukitoka shamba, wa kutupokea mlangoni ni Soksi, na mbegu zetu za mahindi mlinzi wake ni huyo huyo, kwa hiyo msimwone paka tu.

Basi mwaka ule, kabla Warundi hawajamiminika tena kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Soksi akaanza kula. Kula alikuwa anakula siku zote, lakini sasa akawa anakula kama mtu anayesafiri kesho: dagaa, ugali, mpaka maharage (paka kula maharage, nimeona mimi kwa macho haya), halafu anakonda. Mgongo ukawa kama msumeno, manyoya yakawa yanadondoka, anakunywa maji hata ya kunawia, anatapika, anazunguka nyumba analia kama kapotelewa, na choo chake cha mchanga akakiacha akawa anakojoa kwenye mahindi aliyopewa kulinda. Siku moja nampapasa nikakuta kooni kuna kitu kama punje ya harage. Nikasema, aha, rovu. Mama yangu mzazi alikuwa na rovu, huku kwetu milimani wazee wengi walikuwa nalo, na kliniki tulifundishwa dawa yake ni chumvi ya pakiti, ile yenye madini joto. Nikaanza kumwekea chumvi kwenye dagaa. Soksi akala, akanitazama, akaenda kumaliza maji ya ndoo.

Bwana mifugo wetu (kijana wa Tanga, mpole, serikali ilimleta huku na baridi hii) alikuja kuchanja kuku, nikamwonyesha. Akamshika koo, akamwekea kile chombo cha kusikilizia, akasema moyo unakimbia kama mashine ya kusaga.

"Bibi, chumvi acha," akasema. "Rovu la mama yako lilikuwa koo lenye njaa. Hili ni koo linalofanya kazi kupita kiasi, linaukimbiza mwili wote. Ukimwacha hivi, moyo utachoka."

Akaniambia paka wakizeeka wanaupata sana ugonjwa huu, na watu wanadhani ni uzee tu au minyoo. Ilitakiwa apimwe damu ila kipimo cha paka huku hakipo, kwa hiyo tutakwenda kwa dalili. Dawa ni ile ile ya watu wenye ugonjwa huo, ila yeye atanikatia kipande chake, nisije nikampa kwa kukisia. Akasema nikifika dirisha la dawa pale hospitali nisieleze kitu, nimpigie tu simu aongee nao mwenyewe.

Sasa sikilizeni nilivyojimaliza. Nimefika dirishani, nyuma yangu kuna foleni, akina mama wana watoto wenye homa migongoni, na anayenifuata kabisa ni Mama Neema, kiongozi wa akina mama wa kanisani kwetu. Nikawaza, nikitoa simu hapa ianze kuzungumzwa habari ya paka, mimi ndiyo nitaitwa bibi wa paka mpaka nizikwe. Simu ilikuwa kwenye fundo la kanga. Nikaiacha humo humo.

Mtoa dawa akauliza ni dawa ya nani. Nikasema, "Ya mzee wangu."

Akauliza mzee anasumbuliwa na nini. Mimi mgonjwa niliyekuwa namjua ni mmoja, nikamweleza huyo. Nikasema anakula sana na anakonda, nywele zinamtoka, anatapika, anazunguka nyumba analia, na siku hizi anakojoa kwenye mahindi.

Yule kaka akaweka kalamu chini. "Kwenye mahindi?"

"Ya mbegu," nikasema, kwa sababu sikutaka kuongeza uongo.

Akasema kwa hali hiyo dawa hawezi kutoa, mzee aletwe Jumatatu daktari amwone. Nyuma yangu nikamsikia Mama Neema anavuta pumzi kama anayevuta ndoo kisimani.

Na nyie mnajua huku kwetu mgonjwa haachwi. Ukisikia mtu anaumwa unabeba unga, unakwenda, unakaa, unamwona. Jumamosi asubuhi nasikia wimbo wa kufariji wagonjwa unakuja na barabara yetu, na mgonjwa mwenyewe, mume wangu Baba Ezekieli, ametoka shamba na mkungu wa ndizi begani, ameutua, anapasua kuni.

Nikamwambia ingia ndani ulale, unaumwa.

"Naumwa nini?"

"Rovu. La ndani."

Akatazama barabarani, akaona kiongozi wa msafara amebeba hotipoti kwa mikono miwili. Akaliegemeza shoka ukutani. Akaenda akalala na buti zake za shamba, akavuta blanketi mpaka kidevuni. Mwanaume huyu nimeishi naye miaka yote hiyo sijawahi kumwambia neno akatii upesi namna ile.

Wakaingia, wakajaa chumbani, wakaomba. Mama Neema aliomba kwa sauti ya chini, akataja kila kitu, akataja na mahindi. Baba Ezekieli akafungua jicho moja akanitazama. Kisha wakampakulia kuku na ndizi, na kumbukeni mtu katoka kulima hajatia kitu mdomoni, akamaliza sahani, wakaongeza, akamaliza. Akina mama wakawa wanatazamana.

"Kweli anakula," Mama Neema akasema, machozi yanamtoka. "Na nywele, jamani, angalieni kichwa."

(Kipara hicho nimeolewa nimekikuta.)

Hapo ndipo nikasikia pikipiki. Bwana mifugo akapiga hodi, akaona viatu vingi mlangoni, akaingia kwa heshima zote, akawaamkia wote shikamoo. Mimi namkonyeza, kumbe mtoto wa watu haoni, macho yanatafuta mgonjwa.

"Bibi, umesahau kunipigia," akasema. "Dawa amepata? Bado anakojoa kwenye mahindi?"

Mama mmoja akamjibu kwa niaba yangu kwamba bado, na hali si nzuri.

"Basi chombo chake cha choo mwekee mchanga mpya, na dagaa zake msitie chumvi kabisa," akasema bwana mifugo. "Na leo yuko wapi?"

Wote wakamwonyesha kitanda.

Soksi naye alikuwa kitandani, amepanda muda tu, kichwa kiko ndani ya sahani ya Baba Ezekieli. Bwana mifugo akaenda moja kwa moja, akampita mume wangu kama mto wa kulalia, akamnyanyua paka, akampapasa koo. "Uvimbe huu hapa," akawaambia akina mama. "Njooni mguse taratibu."

Hakuna aliyekwenda kugusa. Hata paka aliacha kutafuna. Mwisho Baba Ezekieli akainuka akakaa, blanketi likaanguka, buti zikaonekana na tope lake lote, paja la kuku mkononi.

"Sasa mimi," akaniuliza, "niendelee kulala?"

Chakula cha mgonjwa hakirudishwi, na hilo ndilo lililoniokoa. Mama Neema akamtazama mume wangu, akamtazama paka, akasema maombi yakishatoka hayaitwi yarudi, basi yamwangukie anayehusika. Akachukua mnofu mmoja akamwekea Soksi chini. Kisha akakaa akaanza kucheka, na hajamaliza mpaka leo.

Dawa tulipata Jumatatu, bwana mifugo alikwenda na mimi dirishani. Asubuhi na jioni kipande kimoja ndani ya dagaa, hakuna kuruka, maana haiponyi, inatuliza tu, na yeye akawa anapita kumsikiliza moyo. Soksi akanenepa, akalala usingizi, akarudia panya wake.

Ila mwaka uliofuata Baba Ezekieli akashikwa na malaria ya kweli, ya kutetemeka kitanda, nikatuma watu kanisani. Siku nzima hakuja mtu. Jioni akaja Mama Neema peke yake, mikono mitupu, akasimama mlangoni bila kukaa, akamwita Soksi kwanza, akamshika koo, akaridhika. Ndiyo akageuka kwa mume wangu, akamshika koo na yeye. Unga ulikuja kesho yake.

Toka hapo, wanangu, nikiulizwa dirishani dawa ni ya nani, najibu kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni: ya paka.