Fungu la Kulwa

Najua wapo watakaosema nimetunga. Semeni tu. Mwenzangu niliyekuwa naye yu hai, anashona nguo Shinyanga mjini, na hataki kisa hiki kihadithiwe akiwepo. Basi nakihadithia akiwa hayupo.

Mwaka juzi mimi na rafiki yangu Doto, wasichana wawili, tuliamua kuzunguka. Wengine wanapanda ndege kwenda kutalii Ulaya. Sisi tukasema tuanze na kwetu: Mwadui tukauone mgodi wa almasi, turudi Shinyanga, tupite Kahama na Ushirombo, tuishie Geita. Kila mtu begi mgongoni, hela kiduchu. Kipochi cha hela nilikishika mimi, maana Doto akiombwa hawezi kukataa. Mimi naweza, tena bila kupepesa macho.

Chakula chetu kilikuwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa vikaanikwa mpaka vikakauka. Mama yake Doto alitujazia mfuko. Na Doto nilimjua tangu sekondari, na kale katabia kake nilikajua: kabla hajala chochote, anamega kidogo, anakiweka pembeni, hasemi kitu. Shuleni tulimcheka mpaka tukachoka.

Sasa siku ile Mwadui tumechoka, jua linachoma, tumenunua chapati moja ya kugawana. Doto akamega kipande akakiweka juu ya jiwe. Nikawaka! "Hivi wewe unamlisha nani? Sisi wenyewe hatushibi!" Nikakiokota, nikakipuliza vumbi, nikakila mbele yake. "Basi, yaishe," akasema. Tangu hapo hakumega tena.

Kesho yake asubuhi, stendi ya Shinyanga, dada mmoja wa umri wetu akaja kukaa karibu na Doto. Amejifunika kitenge kichwa na uso, yanaonekana macho tu, na hana mzigo wowote.

"Mnakwenda mpaka wapi?"

Kabla sijamfinya, Doto kashamwaga safari yote, mji kwa mji.

"Na mimi huko huko," akasema yule dada.

Nikasema moyoni, huyu mwizi. Mtu asiye na begi anasafiri kwenda Geita? Nikahamishia kipochi kifuani, nikamvuta Doto, tukaomba lifti kwenye lori la pumba. Tulimwacha amekaa pale pale stendi. Nilimwangalia mpaka tukakata kona, na njia nzima nilikuwa nachungulia nyuma. Niamini, hakuna gari lililotupita.

Tunashuka Kahama, nani amekaa kwenye kibaraza cha duka? Yule yule! Sisi tumekuwa weupe kwa pumba, yeye miguu yake haina hata vumbi.

"Umekuja na nini wewe?" nikamuuliza. Alimgeukia Doto.

"Una chakula?"

"Hatuna," nikadakia mimi, na mfuko wa michembe nimeupakata. Aliutazama ule mfuko.

Kuanzia hapo Doto akaharibika. Nikampa michembe, akatafuna akatema, eti haina ladha. Nikamshika mkono, baridi, na ni saa saba mchana! Nikajua yule dada amemwekea kitu. Nikalipekua begi la Doto lote natafuta hirizi, sikuona chochote. Nikasema tuondoke upesi. Tukapanda mchomoko, zile gari ndogo za kubanana, mpaka Ushirombo, Doto kaniegemea.

Mama Ng'washi ana nyumba ya wageni nyuma ya soko, ya bei ya kwetu sisi. Tulifika alasiri. "Mwadila," akatusalimu Kisukuma, halafu akauliza kama wakubwa wetu wanavyouliza, sisi ni watoto wa nani. Nikamtaja baba yangu. Kabla Doto hajafungua mdomo, sauti nyuma yangu ikamtaja baba yake Doto, ikamtaja na babu yake.

Nikageuka. Yule dada amesimama mlangoni, kitenge kimeshuka mabegani.

Mama Ng'washi akacheka. "Ndiyo maana mmefanana hivi! Haya, Kulwa ni yupi na Doto ni yupi?"

Uso ulikuwa wa Doto, mpaka lile pengo la meno ya mbele. Msukuma mzima mimi, najua kabisa kila Doto ana pacha wake, Kulwa aliyemtangulia kuzaliwa. Miaka yote nimemwita Doto, na sikuwahi kumuuliza Kulwa wake yuko wapi.

Doto akaanguka chini. "Alikufa tukiwa wachanga," akanong'ona. "Mama aliniambia nisile kabla yake."

Mama Ng'washi hakucheka tena. "Nani amemnyima?"

Nilitamani kukimbia, lakini Doto alikuwa anapumua kwa shida, midomo imempauka. Ningemwambia nini mama yake?

"Ni mimi, mama."

"Basi mpe wewe. Kwa mikono yako."

Nikajaza michembe viganja viwili, nikapiga magoti pale mlangoni huku nalia. "Kulwa, chako hiki. Nisamehe, nilikuwa na njaa."

Akapokea kwa mikono miwili, baridi kama ya Doto. Akala kipande kimoja taratibu. Akamtazama mwenzake, akasema kwa upole kabisa, "Leo ningekuchukua." Akatoka. Nilichungulia nje, nikaona watu wa sokoni tu, na michembe imebaki kizingitini.

Nyuma yangu Doto akasema, "Nina njaa." Akaletewa ugali, akamega tonge la kwanza akaliweka pembeni, halafu akala mpaka akamaliza.

Geita hatukufika. Doto ni mzima. Mimi tangu siku ile sijashiba. Nakula sahani mbili, tumbo linajaa mpaka linauma, njaa iko pale pale. Nimepimwa, hawaoni kitu. Fungu la Kulwa nalitenga kila siku kabla ya langu. Nilimwendea mama yake Doto kumlilia. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kile kipande cha chapati hakikuwa chako, mwanangu," akasema.

Kwa hiyo wewe unayefunga begi usafiri na rafiki yako, bana matumizi utakavyo. Lala kwenye mkeka, dandia malori. Lakini ukimwona mwenzako amemega kitu akakiweka pembeni, kiache, hata kama utumbo unasokota. Nimetoka kula sasa hivi, wali na maharage, sufuria nzima. Nina njaa.