Nafasi ya Majeruhi Haikaliwi

Enzi zetu, kwa sisi tuliokulia Kingsbury, London, katika miaka ya kwanza ya kufika kutoka Afrika Mashariki, Jumapili ilianza kwa harufu ya manjano. Mama aliyachanganya na chumvi na mafuta kwenye sufuria ndogo, akayapasha moto mpaka yakaanza kutokota pembeni, kisha akampaka Baba goti la kushoto na kulifunga kwa kipande cha shuka kuukuu. Baba alikuwa kepteni wa timu ya mpira wa magongo, na Jumapili ilikuwa siku ya mechi. Goti lilikuwa bovu tangu mwanzo wa msimu. "Mimi niliolewa na mtu," Mama alikuwa akisema huku anakaza fundo, "sikuolewa na goti."

Mliokuwa watoto wakati ule mtakuwa na yenu ya kukumbuka. Makoti yaliyonunuliwa makubwa ili tukue ndani yake. Hita ya mafuta ya taa iliyochoma magoti na kuuacha mgongo barafu. Bamia za duka la kwanza la Wahindi pale barabarani, zilizosafiri kutoka mbali kama sisi na kufika zimenyauka kama sisi. Hayo yote nayakumbuka. Lakini nikiupima utoto wangu kwa haki, sehemu kubwa niliitumia kuipenda timu isiyoshinda.

Timu iliitwa Karafuu. Jina lilichaguliwa na Baba na wenzake wawili waliotoka Unguja. Bwana Kulwant, singasinga fundi seremala wa Nairobi, alipinga. Alisema yeye karafuu anaijua ndani ya pilau tu, na hata humo huitoa akaiweka pembeni ya sahani. Ikapigwa kura, akashindwa. Golikipa alikuwa Bwana Fernandes, Mgoa wa Dar es Salaam, mshonaji wa suti ambaye London ilimpa kazi ya kupanga maboksi ghalani. Wengine walitoka Tanga, Mombasa, Kisumu na Kampala. Nyumbani kila mmoja alisema lugha ya mama yake, na kazini alisema Kiingereza kile alichokuwa nacho. Uwanjani walipigiana kelele kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha pekee ambayo wote kumi na mmoja waliweza kutukania.

Wengi wao walikuwa wamecheza kwelikweli huko nyuma. Tatizo ni kwamba walifika London wakiwa na miaka arobaini au inakaribia, wakaingia viwandani, wakasimama kwa miguu yao siku sita, halafu siku ya saba wakashuka kwenye uwanja wa majani uliogandishwa na baridi, ambao mpira ukigonga ulilia kama umegonga saruji. Miili haikukubali mpango huo.

Klabu yoyote yenye akili ingewapumzisha wagonjwa na kuwaingiza wazima. Karafuu ilikuwa na sheria. Ilipitishwa sebuleni kwetu siku klabu ilipoundwa, na mimi nilikuwepo, nimekaa chini ya meza na sahani ya kachori. Baba alisema, "Mtu akiumia akiitumikia timu, nafasi yake haikaliwi na mwingine, mpaka yeye mwenyewe aseme kwa mdomo wake kwamba ameiachia." Hakuna aliyeuliza kwa nini. Chumba kile kilijaa watu ambao viti vyao vya ofisini, maduka yao na nyumba zao vilikuwa, saa ile ile, vimekaliwa na watu wengine. Mikono yote ikanyooshwa. Tangu hapo nimesoma katiba nyingi, za nchi na za vyama, kwa kupenda tu, na sijaona kifungu kilichopita haraka vile wala kilichovunja mifupa mingi vile.

Kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kuiachia nafasi yake, kila Jumapili walikuja wote kuzilinda nafasi zao. Bwana Fernandes alikuwa na mgongo usiokunjika. Mipira ya juu aliidaka bila shida, kama mtu anayechuma mapera. Kwa bahati mbaya, hoki ni mchezo unaochezwa chini. Winga wetu wa kulia aliteguka kifundo cha mguu mwezi wa kwanza wa msimu, na tangu siku hiyo alicheza pale pale aliposimama. Mpira ukimfuata aliupiga, usipomfuata aliutakia heri. Bwana Kulwant, fowadi wetu tegemeo, alichanika msuli wa paja, na kabla paja halijapona akavunjika mkono. Refa alimkataza kuingia uwanjani na plasta ngumu mkononi. Basi akasimama nje ya mstari, sambamba na pale ambapo angesimama, akapanda na kushuka na mchezo dakika zote sabini. Ndani, nafasi yake ilikaa tupu, inalindwa.

Mtazamaji wetu mkubwa baada yangu alikuwa Bi Zuhura, jirani yetu wa nyumba ya pili, mama wa Kiunguja aliyekuja London na mumewe kwa sababu za siasa ambazo sisi watoto hatukuelezwa. Alifanya usafi hospitalini, na alidai kwamba uwanjani anakuja kupunga upepo tu. Hakukosa mechi hata moja.

"Hawa wanacheza kwa magongo," aliuliza siku moja kwa sauti iliyofika upande wa pili, "au wanatembelea magongo?"

"Bi Zuhura," Baba alimjibu kutoka uwanjani, "leo umekuja kutuombea au kutuchimbia?"

"Nakuombeeni mfike kwenu wazima. Ushindi nimewaachia wenyewe. Bwana Kulwant ee! Ukichoka kuwa bendera ya kona, njoo unywe chai!"

Mimi nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa na daftari. Wenzangu shuleni waliandika mabao ya timu zao. Yetu hayakuhitaji daftari. Niliandika majeruhi: jina, kiungo, Jumapili aliyoumia, hali yake Jumapili iliyofuata. Mwalimu alipotuambia tuandike tulivyotumia mwisho wa wiki, nilinakili ukurasa mmoja kwa hati nzuri. Kesho yake Mama akaitwa shuleni, akaketishwa, akaletewa maji, akaulizwa kwa upole ajali ilitokea barabara gani.

Jambo ambalo sikuliandika lilimhusu kaka yangu Nadir. Nadir alikuwa na miaka kumi na saba, beki wa kushoto kama Baba, na alikuwa na magoti mawili mazima. Shuleni alikuwa hapitiki. Katika Karafuu alikuwa mtu wa kumi na mbili, na katika misimu miwili hakuwahi kuingia uwanjani hata dakika moja, maana nafasi zote kumi na moja zilikuwa na wenyewe, na yake aliyoitaka mwenyewe wake alikuwa Baba. Alibeba begi la mipira. Alifunga wavu. Aliganda kwa baridi. Kuomba hakuweza, mtoto hamwambii baba yake kwamba ameshakwisha. Na Baba, aliyeitunga sheria, hakuweza kumpa mwanawe kile alichowanyima wana wa wenzake. Kila mmoja alikuwa na haki, na tulifungwa mabao matano.

Wiki ya mwisho ya msimu, tukiwa ghorofani kwenye basi tunarudi kutoka shuleni, Nadir aliniambia kwamba klabu moja ya Waingereza imemwita. Ndiyo hiyo tuliyokuwa tucheze nayo Jumapili. "Nisipocheza mechi hii ya mwisho," alisema, "Septemba nahamia kwao. Usimwambie Baba."

Sikumwambia. Nilifanya lile nililoliweza, nikaomba dua kwamba mmoja wao, yeyote, aseme lile neno la kuachia. Sikumwombea mtu aumie. Kuumia kwetu hakukuhitaji dua.

Jumapili ilipofika, kepteni wa Waingereza, mtu mrefu mwenye adabu, alikuja upande wetu kusalimia. Alimpa Baba mkono, kisha akampa Nadir mkono, na mbele ya Baba akasema amefurahi sana, na kwamba jezi ya Nadir wameshaiweka tayari kwa msimu ujao. Hakuwa na nia mbaya. Alidhani mzazi anajua. Baba alitabasamu lile tabasamu alilokuwa akiwapa maofisa wa uhamiaji, akasema asante, akaingia uwanjani. Hakumtazama Nadir. Nadir alitazama nyasi.

Kipindi cha kwanza tulifungwa matatu. Mawili yalipitia upande wa Baba. Nilimwona akigeuka kumfuata kijana mmoja mwenye nywele nyekundu, goti likakataa, akabaki amesimama mguu mmoja nyuma ya mchezo ambao ulikuwa umeshampita zamani. Watu wetu wote waliona. Kwa heshima, kila mmoja akatazama kwingine.

Wakati wa mapumziko Baba aliketi kwenye benchi, Mama akafungua chupa ya chai, chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi. Alikunywa kikombe cha kwanza. Akaomba cha pili. Refa akapuliza filimbi, wenzake wakainuka mmoja mmoja, kila mtu na kiungo chake.

"Kepteni, twende," alisema Bwana Kulwant, ambaye mkono wake ulikuwa umepona na paja bado.

"Nendeni," alisema Baba. "Chai bado ya moto."

Wakaenda, wakajipanga, wakageuka kumtazama. Refa akatazama saa. Upande wa kushoto, nyuma, palikuwa na nyasi tupu. Baba akamnyooshea Mama kikombe. "Nitilie kingine."

Mama akamimina. Chai ikafurika, ikamwagika kwenye sahani. Bi Zuhura akashindwa kuvumilia.

"We Nadir! Unangoja kuletewa barua?"

Nadir aliokota gongo lake. Ili aingie uwanjani ilimbidi apite mbele ya benchi, na Baba alikuwa amenyoosha mguu mbovu. Baba akakishusha kikombe, akaushika mguu kwa mikono miwili, akaukunja pole pole ili mwanawe apite. Naapa uso wake haukuonyesha maumivu yoyote, na mimi nilikuwa mtaalamu wa maumivu yake.

Kwa dakika ishirini tulikuwa timu. Yule mwenye nywele nyekundu alikuja mara nne, akarudishwa mara nne. Mara ya nne Nadir alimnyang'anya, akapanda nao, akauachia mpira mrefu ulioenda kumgonga Bwana Kulwant kwenye gongo na kuingia golini kabla Bwana Kulwant hajaamua la kufanya. Bi Zuhura alitupa mtandio hewani. Na hapo ndipo tulipoharibikiwa, kwa sababu Bwana Fernandes alipata tamaa. Shuti lililofuata lilikuja chini, kama yote, na yeye, kwa furaha, akainama. Miezi mitano hakuwa ameinama. Mgongo ukamkatalia kuinuka, akaanguka ubavu, mzima mzima, juu ya Nadir aliyekuwa amerudi kuokoa. Sote tulisikia mlio wa bega.

Mechi ikaisha moja kwa nne. Hospitalini, daktari alisema miezi minne, pengine mitano. Kepteni wa Waingereza alikuja, kwa adabu yake, akaleta chokoleti. Aliposikia miezi mitano alisikitika kweli. Akasema jezi ile itabidi apewe mwingine, bila shaka Nadir anaelewa, na mwaka unaofuata anakaribishwa kujaribu tena. Nadir akasema anaelewa.

Baba alingoja mpaka mlango ulipofungwa.

"Kwetu nafasi yako ipo," alisema. "Umeumia ukiitumikia timu. Haikaliwi."

"Baba, nafasi ile ni yako."

"Nani kakwambia nimeiachia? Nilikuwa nakunywa chai."

Nadir alianza kucheka, bega likamuuma, akalia, akaendelea kucheka. Bi Zuhura, aliyekuja moja kwa moja kutoka uwanjani bado na mtandio wenye majani, alitutazama wote akatikisa kichwa. "Sasa mna mabeki wa kushoto wawili," alisema, "na Septemba hachezi hata mmoja."

Kaka yangu hakuhama. Alikaa Karafuu misimu minne, na daftari langu, ambalo bado ninalo, linaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya muda huo alikuwa mgonjwa. Baba hakutamka neno la kuachia mpaka anaingia kaburini. Kila Jumapili alipanga begi lake, akaja, akaketi. Mechi moja tulishinda. Wapinzani walipotea njia wasifike.

Siku hizi Nadir ana binti, na binti anacheza hoki vizuri kuliko sisi wote. Nilikwenda kumtazama Jumapili iliyopita. Uwanja ni wa bluu, wa plastiki, unamwagiwa maji kabla ya mchezo kana kwamba London haina mvua. Kuna mtaalamu wa misuli mwenye meza yake. Kocha anawatoa na kuwaingiza watoto kila baada ya dakika chache kwa kunyoosha kidole, na anayetoka hamtazami anayeingia. Binti alitoka mara tano. Mara ya kwanza nilisimama, nikamfuata na chupa ya maji.

"Umeumia wapi, mwanangu?"

Alinijibu kwa Kiingereza, kama wanavyojibu wote, macho yake kwenye simu. "Sijaumia, Shangazi. Ni zamu tu."

Walishinda sita bila. Walipeana mikono, wakapanda magari, wakaondoka. Hakuna aliyebaki kubishana. Saa saba mchana nilikuwa nimeshafika nyumbani, sina wa kumlaumu wala wa kumfunga kitambaa, na Jumapili ilikuwa bado ndefu.