Hotelini Hakuna Wakwe

Habari za kifo chake nilizipata dukani, Jumanne asubuhi, nikiwa nimekwenda kununua betri za redio. Kijana anayeuza pale ananijua kwa shikamoo tu, hajui mengi zaidi, akaniambia huku anatafuta chenji: "Babu, yule mzee wa Unyambwa, yule wa kamati za harusi, ametutoka jana." Nikamwambia Mungu amlaze mahali pema, nikatoka, na nilikuwa nimekaribia nyumbani nilipokumbuka kwamba betri nimeziacha mezani kwake. Wasomaji wa safu hii mnajua nilivyo mwepesi wa kulalamikia harusi za siku hizi, na kadi zake, na makelele yake. Wiki hii sina ugomvi na mtu. Nina mtu wa kumkumbuka, na kila nikijaribu kuanzia mahali pengine, kalamu inanirudisha kwenye chakula kimoja cha mchana ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekimaliza.

Tulikuwa marafiki watatu, vijana, katika Singida ya Mwingereza, miaka ya baada ya vita kubwa. Marehemu alikuwa karani na mkalimani katika ofisi ya mifugo. Wa pili alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa Kihindi, mtu mfupi aliyekalia mto ili aweze kuona barabara. Mimi nilikuwa mwalimu, na vumbi la chaki halikunitoka kwenye kola hata Jumapili. Kila mwisho wa mwezi tulikutana kula katika hoteli moja karibu na soko, ya mzee wa Kirangi ambaye pilau yake ilinukia mpaka barabarani. Msidanganywe na neno hoteli. Kilikuwa chumba cha udongo chenye mabenchi, meza zilizoyumba, na pazia la kaniki lililoficha jiko. Lakini kwetu sisi tuliokulia ugali wa uwele na mlenda, kukaa mezani, ukaagiza, ukaletewa, na mtu asiye mama yako akakuuliza kama umeshiba, ulikuwa ukubwa ambao sijui niueleze vipi kwa watu wanaokula chipsi wakiwa wamesimama. Pale mtoto wa mtemi alisubiri sahani yake sawa na sisi. Marehemu alilipenda sana jambo hilo. Alisema hoteli ndiyo mahali pekee katika wilaya nzima ambapo mtu haulizwi yeye ni wa nani.

Mchumba alimpata Iguguno. Alikwenda huko kwenye mnada wa ng'ombe kumtafsiria bwana wake Mzungu, akamwona binti aliyekuja na baba yake, na tangu siku hiyo hakuna mnada wa Iguguno uliokosa mkalimani. Wazee walipeleka posa kwa utaratibu, ng'ombe wakakubaliwa, ikabaki sherehe yenyewe, na hiyo tukaichukua sisi watatu. Tuliipanga pale hotelini, sahani kwa sahani. Dereva aliahidi lori, akalizungusha mjini taratibu mchana kweupe ili apime mwendo ambao hautamtikisa bibi harusi, mpaka watoto wakalipita mbio wakicheka. Mimi nilipewa kazi ya kutafuta koti, nikaazima la mwalimu mwenzangu, likamfika marehemu magotini. Mzee wa Kirangi aliombwa atengeneze keki. Hakuwahi kuiona keki, akaelezwa, akatafakari, akakaanga andazi moja la ukubwa wa beseni, nje jeusi na ndani unga mbichi. Tulililia kwa kucheka. Naikumbuka sauti ya marehemu akicheka siku ile, kwa sababu haikuwa hivyo tena baadaye.

Shida ilitoka Dodoma. Alikuwa amepelekwa huko kwa mafunzo ya kazi, akaalikwa kwenye harusi ya karani mmoja mtu wa mbali, akakuta familia zote mbili zimekaa meza moja, na mama wa bibi harusi yuko karibu na mkwewe, wanakula, wanatazamana, wanacheka. Alirudi na picha hiyo kichwani na ikakataa kutoka. Akasema kabla ya harusi lazima awaalike wakwe zake chakula cha mchana, baba na mama, pale hotelini, wajadili siku kwa raha. Sasa, msomaji ambaye si wa kwetu, nikueleze. Kwa Wanyaturu, na kwa Wanyiramba vilevile, mwanamume na mama mkwe wake hawali wakionana. Wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Hazungumzi naye uso kwa uso, na kinywa chake kikitafuna hakiruhusiwi kuonekana na mama huyo. Marehemu aliyajua haya kama alivyojua jina lake. Dereva akamwambia, "Mwenzangu, yule mama atakufa kwa aibu." Yeye akacheka. "Nyumbani kwake nisingethubutu," akasema. "Nyumbani kwetu nisingethubutu. Lakini hotelini hakuna wakwe. Kuna wateja." Nasi tukacheka, maana ilipendeza kusikika.

Walikuja kwa lori. Mama alipewa kiti cha mbele, akashuka akiwa amekumbatia kibuyu cha maziwa alichomletea mama mwenye nyumba ambaye hakumjua, kwa sababu hakuna mgeni wa Iguguno anayeingia nyumba ya watu mikono mitupu, na hakuna aliyemwambia kwamba nyumba ile haina mama. Marehemu alisimama mbali, akatoa shikamoo akitazama pembeni, ikajibiwa kutoka ndani ya shuka. Mpaka hapo mambo yalikwenda. Kisha akawakaribisha mezani, meza moja, na yeye mwenyewe akaketi. Mama alimtazama mumewe. Mzee alitazama viatu vyake. Mama akakaa, akageuza mabega yake kuelekea ukutani, shuka limefika kwenye nyusi. Pilau ikaletwa. Hakuna aliyegusa. Mzee wa Kirangi alichungulia kwenye pazia, akajiuliza kama chumvi imezidi. Na marehemu, kwa kutaka kuwatoa wageni wake hofu, kwa wema tu, alijaza kijiko akala, akasema huku akitafuna, "Karibuni, mama, chakula ni chenu." Mama akageuka kwa kuitwa. Akamwona.

Hakupiga kelele. Aliweka kibuyu juu ya meza, akajifunika uso wote, akatoka akipapasa ukuta, akaenda kukaa chini upande wa kivuli wa lori, mgongo kwenye gurudumu. Dereva alimfuata akamwomba walau apande akae kwenye kiti. "Nirudishe nyumbani, mwanangu," alisema, na hilo ndilo neno pekee tulilolisikia kwake. Ndani, baba mkwe alimaliza chai yake pole pole, maana kuiacha ingekuwa tusi juu ya tusi, akasimama akamwambia marehemu kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kijana wangu, chakula ni kizuri. Ila umemvua nguo mama yako mchana, mbele ya watu." Marehemu alibaki na kijiko mkononi. Alinitazama mimi kana kwamba mwalimu lazima awe na jibu.

Baada ya wiki kadhaa dereva na mimi tulikwenda Iguguno kuomba radhi kwa niaba yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Ningeyashukuru matusi. Badala yake tulipokewa vizuri mno, tukachinjiwa kuku, tukaulizwa habari za mjini na za mvua na za watoto wa shule. Nilipoleta maneno yetu, kwamba tuko tayari kuleta kondoo, au chochote kile wazee watakachotaja, mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Wanangu," akasema, "mnadhani tuna hasira. Hatuna. Mama yake hana hasira. Ingekuwa hasira, ningechinjiwa kondoo ikaisha. Yeye ana aibu. Akienda kisimani wanawake wanamnyamazia. Aibu ya mama huyu nitaichinjia nini?" Dereva aliinama akachora mchangani kwa kidole. Mama hatukumwona. Tulisikia tu ufagio wake nyuma ya nyumba, ukifagia mahali pale pale muda wote tuliokaa.

Binti alitusindikiza mpaka kwenye lori, akibeba maji ya kutia kwenye rejeta. Alikuwa mtulivu kuliko sisi. Alisema, "Mwambieni mimi sijamkataa. Lakini nikiolewa naye, mama hatakanyaga kwangu. Siku ya kuzaa nitamwita nani? Mwambieni anijibu hilo, nami nitakuja hata kesho." Tulimpelekea swali hilo kama tulivyoagizwa. Alikaa nalo, akafikiri, akatuuliza sisi, akamwuliza padri, akamwuliza baba yake mzazi kule Unyambwa, ambaye alimjibu kwamba aliyejua kupanga bila wazee na ajue kupangua bila wazee. Mvua zikanyesha, uwele ukavunwa. Binti akaolewa hapo hapo Iguguno na mtu mwingine, na ng'ombe wa marehemu wakarudishwa mmoja mmoja, wakiwa wamenona, kwa heshima zote.

Nimewaza sana jambo hili kwa miaka mingi, na sitaki kumtupia rafiki yangu mzigo wote. Ile ilikuwa enzi ya kupangiwa. Bwana shamba alikuja akatuambia wapi tuchimbe matuta. Bwana mifugo alikuja akatuambia ng'ombe gani waende mnadani. Watu waliitwa barazani, wakaketishwa, wakasomewa yaliyokwisha kuamuliwa kwa manufaa yao, na aliyesimama katikati akisema "Bwana anasema hivi, Bwana anasema vile" alikuwa huyu huyu marehemu. Aliichukia kazi hiyo. Mara nyingi alirudi hotelini kutoka barazani hana hamu ya kula, akituambia jinsi wazee walivyoitikia ndiyo, ndiyo, huku macho yao yakisema jingine. Lakini mtu akila chakula kimoja kila siku, hata kama hakipendi, mwili wake unajengwa nacho. Siku alipotaka kumheshimu mama wa watu, alimheshimu kwa namna aliyoiona ofisini. Alimchagulia mahali, siku, kiti, sahani na kijiko. Nia yake ilikuwa safi kama maziwa yale yaliyobaki mezani, nami nasema hivyo bila kumtetea.

Baadaye alioa, kwao Unyambwa, harusi iliyoandaliwa na wazee tangu mwanzo hadi mwisho, naye akaifuata kama mgeni. Alikuwa mume mwema na baba mwema. Mkewe alimtangulia. Bendera ilishuka, nyingine ikapanda, hoteli ya Mrangi ikawa duka la vipuri, dereva wetu akafa zamani. Ndipo zikaja hizi kamati za harusi, na marehemu akawa hakosi hata moja, aalikwe asialikwe. Vijana walimwona kichekesho. Walikuwa wakijadili ukumbi, muziki, rangi za sare, mwisho mwenyekiti anauliza kama kuna mengineyo, na mzee ananyanyua mkono wake na kuuliza swali lile lile la siku zote: "Mama wa bibi harusi anasema anataka kula wapi?" Wanamjibu, mzee, kuna meza kuu, imepangwa. Naye anauliza tena, kwa upole, "Najua imepangwa. Yeye anasema nini?" Nimekaa naye katika vikao hivyo, nikawaona wakikonyezana, na sikuwahi kuwaeleza. Ilikuwa habari yake, si yangu, na sasa tu naona ninaweza kuitoa.

Tulimzika Alhamisi. Wajukuu zake waliandaa vizuri, viti, maturubai, chakula cha kutosha. Wakati wa kula nilimwona bibi kizee amekaa peke yake pembezoni, kanga imefika kwenye nyusi, mabega yamegeukia ukuta. Nilimtambua kwa mabega yale. Yalikuwa ya mama yake, lakini utulivu ulikuwa wake mwenyewe, ule wa siku alipotusindikiza na maji ya rejeta. Alikuwa amekuja na basi kutoka Iguguno bila kuitwa na mtu. Kijana mmoja wa kamati ya chakula akanijia. "Babu, yule bibi tumweke wapi? Ndugu wa mume wako kule, wa mke wako huku. Yeye ni nani wa marehemu?" Nikafungua kinywa. Nimekula kwa Kiswahili maisha yangu yote, nimefundisha, nimeandika safu hii, na sikupata neno la kumwita. Si mke, si mjane, si mkwe, si ndugu. Machozi ambayo hayakutoka kaburini yalinitoka pale, mbele ya kijana na sinia lake la wali. Mwishowe nikamwambia, "Nenda kamwulize yeye angependa kula wapi." Akaenda, akainama, akamsikiliza, akarudi. "Anashukuru. Anasema angependa kula ndani na mabinti wa marehemu, kama hawatamwonea haya." Mabinti wakaitwa, wakatoka, wakamshika mikono pande zote mbili bila kuuliza zaidi, wakaingia naye.

Mimi nilibaki na sahani yangu, nayo sikuimaliza. Ninyi mnaokaa vikao vya harusi mwezi huu, mkishamaliza ya ukumbi na muziki, tumeni mtu mmoja kwa mama wa bibi harusi. Asiende kumweleza. Aende kumwuliza.