Alichosema Meneja wa Jeddah

Kule kambini Al-Sulay waliniita mchambuzi, na mimi nikavimba kichwa. Nilikuwa naendesha forklifti kwenye ghala la kampuni moja ya mizigo, Riyadh, mwaka wangu wa tatu Saudia, na Kiarabu changu kilikuwa kimetosha kunifanya niringe. Miaka hiyo Wakenya walikuwa wakimiminwa kila wiki, ndege kwa ndege, na wengi wao Kiarabu walichokuwa nacho ni yalla, halas na mafi, yaani twende, basi na hakuna. Kwa hivyo bosi akifungua mdomo, wote walinigeukia mimi. Sikuishia kutafsiri. Niliwaambia pia alichomaanisha.

Mwenye kampuni alikuwa mgonjwa wa mpira. Kila msimu wa baridi alituandalia kombe la matawi: matawi matatu ya Riyadh na moja la Jeddah, kule bandarini. Mameneja waligombania wachezaji hadi wakanuniana, ndipo tajiri akaleta utaratibu aliouona kwenye televisheni, sisi tukauita mgao. Wachezaji wote mnawekwa kwenye orodha moja, mameneja wanakaa mezani, kila mmoja anachagua mtu wake kwa zamu, na anayeanza ni yule aliyeshika mkia msimu uliopita. Usicheke, maana ukichaguliwa na tawi unahamia huko na blanketi lako. Kazi, kitanda, kila kitu. Kuna mtu alihamishwa kutoka Jeddah akaletwa Riyadh kwa sababu tu alijua kupiga krosi.

Mgao ukikaribia, mameneja hawanyamazi. Kila Alhamisi baada ya mazoezi walisimama pembeni mwa uwanja wetu wa vumbi nyuma ya ghala, mtu akawashikia simu, nao wakazungumza kama wakubwa wa vilabu: mikono nyuma, macho mbali, kila neno limepimwa. Video inatumwa kwenye grupu la kampuni, na kufikia wakati wa chakula mimi nimeshazungukwa. Amesema nini? Anamtaka nani? Nami nakunywa chai yangu taratibu, nawaacha roho juu, ndipo nasema, haya, sikilizeni.

Sikuwa nabahatisha. Msimu uliotangulia meneja wetu wa Al-Sulay alimsifu straika mmoja Mganda wiki nzima, eti tawi litakalomkosa litalia. Siku ya mgao hakumgusa. Alitaka tu mwenzake apoteze zamu, na mwenzake akanasa. Kisha kulikuwa na winga ambaye meneja wetu alisema hadharani kwamba heri aendelee kubeba makatoni, na huyo huyo ndiye aliyemchagua wa kwanza. Tangu siku hiyo nikawa na kanuni, na kambi nzima niliifundisha: meneja akikusifu mbele ya watu, hakutaki, akikuponda, funga mzigo.

Msimu ninaousema, mwenye haja nilikuwa mimi. Nilikuwa kipa. Mke wangu alikuwa Jeddah, mfanyakazi wa ndani, miezi kumi na minne, na hatukuwa tumeonana hata mara moja. Watu wa nyumbani wakisikia wote mko Saudia wanadhani mnapikiana chai. Basi la kutoka Riyadh hadi Jeddah linakula mchana mzima, mimi nilikuwa na Ijumaa moja tu, na yeye hatoki getini bila ruhusa. Ombi la uhamisho nilikuwa nimelipeleka ofisi kuu kule Olaya mara mbili. Mara zote mbili niliambiwa bukra, yaani kesho, na hiyo bukra sikuiona. Lakini madam wake alikuwa amemwahidi jambo: mume wako akihamia Jeddah, aje kila Ijumaa baada ya alasiri, mkae masaa mawili kwenye chumba cha mlinzi, mlango uwe wazi. Masaa mawili kwa wiki. Sikuwa nataka kitu kingine chochote duniani.

Na alifikaje Jeddah? Hapo pananiuma mpaka leo. Mimi nilitangulia. Ajenti wa Nairobi aliniambia, mkono kifuani, kwamba mke wangu atapewa nyumba ya Riyadh, upande wa Murabba, tutakuwa tunaonana. Nikaamini kila neno. Mke wangu mwenyewe alikuwa ameniambia kwa simu, "Mimi sitaki kuja huko." Nikajiambia, huyu anaogopa ndege, anataka kubembelezwa kidogo. Nikambembeleza. Mtoto akaachwa kwa nyanya yake, na mama yake aliposhuka kwenye ndege, alishukia Jeddah. Nikaapa kwamba kuanzia hapo maneno ya mtu sitayachukua tena yalivyo, nitatafuta kilicho chini yake. Nilijiona nimeerevuka.

Sasa, Alhamisi ya wiki iliyotangulia wiki ya mgao, meneja wa Jeddah akatuma video yake kutoka bandarini. Alikuwa mzee mnene, Mhijazi, kofia imekaa upande, makontena nyuma yake. Tawi lake ndilo lililoshika mkia, kwa hivyo zamu ya kwanza ilikuwa yake. Hakuzunguka. Maneno yake nimeyasikiliza mara nyingi mno, siwezi kuyasahau.

"Namtaka yule kipa wa Al-Sulay," alisema. "Mke wake yuko hapa Jeddah. Nitamchukua wa kwanza."

Beki wetu, Mluhya mmoja mpole tuliyelala naye chumba kimoja, aliomba nitafsiri mara mbili, kisha akanishika mkono akautikisa kana kwamba nimepata mtoto. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuchambua. Nani mwenye akili zake anachukua kipa kwa zamu ya kwanza, na yule straika Mganda yuko kwenye orodha? Na mke wangu ametajwa wa nini? Bila shaka alimsoma kwenye lile ombi langu la Olaya, akaona hapa pana pa kuegemeza uongo. Anamtisha meneja wetu, mwenye zamu ya pili, ili anishike kabla sijaponyoka. Meneja wetu naye alipoulizwa siku hiyo hiyo, akajibu kwamba makipa wako tele, wala hajali. Loo! Kwa kanuni yangu, hiyo ilikuwa na maana moja tu: ananitaka kufa kupona. Hesabu ikanijia yote. Jeddah anachukua straika, Al-Sulay ananichukua mimi, na Ijumaa zangu zimekwenda.

Beki akaniuliza kwa upole, kwani nikikaa tu nikanyamaza kutaharibika nini, si mtu amesema ananitaka? Nikamwambia yeye ni mtu wa kudanganywa na ajenti mchana kweupe. Hatukusemezana siku mbili, na kwenye chumba cha vitanda sita kutosemezana ni kibarua.

Mke wangu nilimpigia saa ambayo madam hulala baada ya chakula cha mchana. Nilipomsomea maneno ya meneja alicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Kenya. Ndipo nikaanza kumchambulia. Kicheko kikapungua, kikaisha. Akasema, "Lakini amesema." Nikamwambia hawajui watu hawa. Akaniambia kwamba yeye ndiye anaishi nao nyumba moja, na wengine husema wanachosema. Tayari alikuwa amemuuliza madam kuhusu chumba cha mlinzi, na madam amekubali wachukue birika la chai. Alikuwa amenitolea hata leso ya kukalia, maana kiti huko ni kimoja. Nikamwomba aniachie mimi, mambo ya mpira ni kazi yangu.

Mpango wangu ulikuwa huu. Ijumaa ya wiki iliyofuata kulikuwa na mechi ya mwisho ya majaribio, mgao ni Jumamosi yake. Nikicheza vibaya, meneja wetu atanitema. Nitashuka hadi chini ya orodha, na Jeddah, akiwa ananitaka hata kidogo, ataniokota mwishoni bila kupoteza chochote. Niliupindua mpango huo kichwani siku nzima na sikuona tundu. Nilijisifu, wallahi.

Ijumaa upepo ulikuwa mbaya, vumbi linaingia machoni, mikono yangu baridi ndani ya glavu. Krosi ya kwanza niliiruka kwa kuchelewa kidogo tu, goli. Nilipogeuka kuokota mpira nikamwona yule mzee wa Jeddah amekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya goli langu. Alikuwa amekuja na ndege ya asubuhi, wala hakuna aliyetuambia. Alinipungia mkono. Nilikuwa na muda mfupi wa kuamua, na kichwa changu kikaniamulia kwa haraka kama kawaida yake: amekuja kuangalia mastraika, mkono ni wa kuwapumbaza wenzake, endelea.

Nikaendelea. Goli la pili lilikuwa mpira wa kutambaa, hata nyanya yangu angeuzuia kwa mguu, nami nikaangukia upande wa pili. Baada ya la tatu mzee alisimama, akachukua kiti chake, akatembea polepole kandokando ya uwanja mpaka goli la upande wa pili. Nikajiambia anafuata kivuli. La nne sikuliona vizuri, kusema kweli, kwa sababu wakati huo macho yalikuwa yananiwasha na nilishaanza kuogopa.

Jumamosi tulisimama ukutani kwenye ukumbi wa chakula, mameneja wanne mezani, karatasi mbele yao. Mtu akikohoa, wote mnamwangalia. Mzee wa Jeddah ndiye wa kwanza. Hakutazama karatasi. Alisema anachukua kipa. Nikapiga hatua moja mbele kabisa. Kisha akanyoosha kidole kwa yule mwingine, Mghana wa ghala la baridi, aliyekuwa amedaka upande ule mwingine wa uwanja na ambaye hakuwa na haja yoyote ya kutoka Riyadh.

Meneja wetu akachukua straika. Majina yakaendelea kutajwa, watu wanavuka kwenda upande wa meneja wao, ukuta unabaki mtupu pande zangu zote. Nilikuwa wa mwisho. Meneja wetu alisema basi nibaki kwake, kitanda changu si kipo pale pale. Watu walicheka. Beki hakucheka.

Nilimkimbilia mzee nje, akiwa anafungua mlango wa gari. Niliongea mbio mbio. Nilimwambia nilikuwa nataka Jeddah, mke wangu yuko Jeddah, nimeomba mara mbili. Aliniangalia usoni, na nikaona kwamba hakuwa na hasira, alikuwa ameshangaa tu.

"Mwanangu, nilisema nakutaka," alisema. "Nilisema mbele ya watu wote, nikapanda ndege nikaja. Mimi mwenyewe nilikuwa kipa. Mpira wa kuachiwa naujua. Nikakuona unaachia mmoja, wa pili, wa tatu. Nikasema basi, huyu hataki kuja. Labda hataki kuishi mji mmoja na mkewe. Mimi simlazimishi mtu."

Nikamuuliza kama inaweza kubadilishwa. Akasema halas, imeshaandikwa, na mwenye kampuni ametia sahihi. Alinishika bega kabla ya kuingia garini. Mkono ule ndio ulioniliza.

Kesho yake, saa ile ya madam kulala, nilikuwa nimejiandalia uongo. Nilikuwa nitamwambia mke wangu kwamba mzee alibadilisha mawazo, si nilikwambia watu hawa walivyo? Alipopokea simu akaniuliza nafika Ijumaa ipi, na ule uongo ukanishinda. Nilimweleza yote, kuanzia krosi ya kwanza hadi bega. Nilisikia maji yakichuruzika kwenye sinki yake, kisha akafunga bomba.

"Kwa hivyo alikuwa anamaanisha," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi niliposema sitaki kuja?"

Nilikuwa na jibu langu kwamba aliogopa ndege, lilikuwa limekaa mdomoni miezi yote kumi na minne. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikalimeza.

"Ulikuwa unamaanisha," nikasema.

Hakunitukana wala hakulia. Alisema mkataba ukiisha anarudi kwa mtoto, nibaki au nisibaki, kisha akasema lazima akate simu, madam anamwita. Kwa mara ya kwanza sikutafuta kilichokuwa chini ya maneno hayo. Nilisikiliza tu, na kweli, huko ndani ya nyumba, madam alikuwa anaita.