Siku Mama Alipokataa Kutia Sahihi

Nilikuwa na mwaka wa kwanza wa ualimu katika shule ya msingi ya kwetu Kibosho, na mama yangu mzazi alikuwa mwanafunzi wangu. Ilikuwa miaka ile ya kampeni ya elimu ya watu wazima. Asubuhi nilifundisha watoto. Alasiri, madawati yaleyale waliyakalia mama zao na bibi zao, magoti yamewabana, wengine wametoka moja kwa moja kukata majani ya ng'ombe. Mama alikaa karibu na dirisha. Alikuwa nyuma ya wenzake, kwa sababu hakukubali kuruka neno. Likimshinda, alilikomalia mpaka darasa zima likamngoja.

Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa huko tambarare, akipanda nyumbani mwisho wa mwezi tu. Kwa hiyo tulikuwa wawili, mimi na mama, Jumamosi ile asubuhi polisi walipokuja.

Tulikuwa tunamenya ndizi za mtori. Waliingia polisi watatu, mgambo wawili, na balozi wetu wa nyumba kumi, mzee wa nyumba ya pili ambaye nilimwamkia kila siku. Nilipomwambia shikamoo, aliitikia bila kunitazama.

Mkubwa wa polisi alisema wamepata habari kwamba mtaani kwetu inafichwa bhangi, na watapekua kila nyumba. Mama alimuuliza kwa upole kama wana karatasi ya ruhusa.

"Kwa bhangi hatuhitaji karatasi, mama. Kaa kando."

Walimwaga maharage sakafuni, wakapasua godoro. Kisha mgambo mmoja alifungua sanduku la bati ambalo mama hakuruhusu hata mimi niliguse. Mlikuwa na nguo za mdogo wangu aliyefariki akiwa na miaka miwili. Mgambo alikung'uta kigauni kimoja kimoja na kukitupa chini, penye matope ya viatu vyao. Mama alimfuata nyuma, akiokota na kukunja.

Ndani hawakukuta kitu. Walipokuwa wanatoka, mgambo wa pili aliita kutoka nje. Kwenye mstari wa masale, mimea ya mpaka inayotenga kihamba chetu, shamba la nyumbani, na njia ya kwenda mtoni, alikuwa ameshika kifurushi cha majani makavu ya mgomba. Ndani yake mlikuwa na bhangi. Njia ile hupitwa na watu wote, wa kwenda kuteka maji, wa kwenda kanisani, wa kwenda sokoni.

"Hii ni ya nani?"

"Sijui, afande," mama alisema. "Ndiyo kwanza naiona."

Mkubwa wao aliketi kwenye meza yetu akaandika karatasi. Balozi alitia sahihi mara moja, bila kuisoma. Kisha wakafungua kikopo cha wino.

"Weka dole gumba hapa, mama."

"Naweza kusoma," mama akasema.

Aliichukua karatasi akaenda nayo mlangoni penye mwanga. Alisoma kama alivyosoma darasani, midomo ikicheza, kidole chini ya kila neno. Yule polisi alianza kugongagonga kalamu mezani. Na mimi, lazima niseme ukweli, nilimwonea aibu mama yangu. Nilikuwa kijana wa chama, niliyeamini kwamba serikali ni yetu, kwamba bhangi ni adui, na kwamba mtu asiye na kosa hana la kuogopa.

"Mama," nilisema, "tia sahihi tu, yaishe."

Aliendelea kusoma mpaka kidole kikasimama.

"Mwalimu," aliniita, kama tuko darasani, "hili si 'kitanda'?"

Nilisogea nikatazama. Palikuwa pameandikwa kwamba bhangi ilipatikana ndani ya nyumba, chini ya kitanda.

"Ni kitanda," nilisema.

"Basi si kweli. Imetoka kwenye masale."

"Hayo ni maandishi tu, mama," yule polisi alisema. "Utaeleza mahakamani."

"Naeleza sasa. Andika masale, nitie sahihi."

Hakuandika. Walimchukua vilevile alivyokuwa, mikono ina utomvu wa ndizi, wakashuka naye hadi kanisani walikoacha gari.

Alikaa mahabusu mjini Moshi siku tisa. Kila siku baada ya vipindi nilishuka kumpelekea chakula, na kila siku nilikikabidhi kwenye meza ya polisi bila kuruhusiwa kumwona. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango. "Una kazi ya serikali," aliniambia. "Usiwe na maneno mengi." Sikuwa na maneno mengi. Baba alipopata habari alipanda kutoka tambarare, akaenda moja kwa moja kwa balozi. Sijui walizungumza nini. Alirudi akasema tu, "Kesho kutwa balozi atakuja mahakamani."

Hakimu alimuuliza mama kwa nini hakutia sahihi.

"Kwa sababu niliisoma, mheshimiwa."

Watu wachache walicheka. Hakimu hakucheka. Alimwita balozi, akamuuliza kama aliiona bhangi ikitolewa chini ya kitanda. Balozi alisimama akiikunjakunja kofia yake.

"Hapana, mheshimiwa. Ilitoka njiani, kwenye masale. Niliambiwa weka sahihi, nikaweka."

Mama aliachiwa siku ileile. Hakuna aliyemwomba radhi. Tulipanda Kibosho kwa miguu sehemu kubwa ya njia, naye alisimama mara kwa mara kupumzika, jambo ambalo hakulifanya kabla.

Haikuisha hivyo tu. Wapo majirani walioacha kuja kwetu, kwa kuwa mtu akishachukuliwa kwa bhangi, jina halifutiki kwa hukumu ya hakimu. Mama alianza kufunga mlango kwa kufuli hata akienda kukata majani hapo nyuma tu. Lakini wanawake watano ambao hawakuwahi kufika darasani walijiandikisha mwezi ule, na mmoja wao alikuwa mke wa balozi.

Ilinichukua muda mrefu kumwomba msamaha. Tulikuwa tunachuma kahawa, kila mmoja na mti wake. Nilimwambia nimekosa, kwamba ningemfanya atie sahihi uongo.

Alihamia tawi jingine.

"Uliogopa," alisema. "Mimi pia niliogopa. Nilifika kwenye neno lile nikatamani ningekuwa sijui kusoma."

Kisha akaniambia nisiache zilizoiva huko juu, nivute tawi.