Hodi ya Chooni

Nashona nguo kwenye kisoko kimoja cha Chaani, na kwa muda mrefu nilikuwa sinywi maji kazini. Kiu nilikuwa nayo, tena ya kutosha. Ila choo kilikuwa kimoja, cha wanaume na wanawake, na mlango wake hauna komeo. Wanaume hawakujali, wao kila ukuta kwao ni choo. Sisi wanawake tulijizuia mpaka jioni. Nikapata maradhi ya mkojo, na daktari akaniambia, "Mama, usipokunywa maji utarudi hapa kila mara." Nikaanza kufikiria kuiuza cherehani nikae nyumbani, na kazi yangu naipenda. Iliniuma sana.

Siku moja nikasema liwalo na liwe. Nikanywa chupa nzima, na adhuhuri nikaenda. Nimechutama, nikasikia nje, "Hodi."

Mimi nimelelewa na bibi ambaye ukichelewa kuitikia hodi unapigwa kofi. Mdomo ukajibu wenyewe, "Karibu."

Naye akakaribia kweli, akausukuma mlango. Alikuwa seremala, jirani yangu wa kibanda cha tatu. Aliurudisha mlango upesi. "Kumradhi, mama. Wallahi umenikaribisha mwenyewe."

"Mtu hukaribishwa chooni?" nikamfokea.

Nilitoka na aibu na hasira. Nikamfuata kibandani kwake, mbele za watu. "Leo umeingia wewe, muungwana. Kesho ataingia asiyejua hata kupiga hodi. Angekuwa mkeo mle ndani, ungesemaje?" Muuza samaki, mama mtu mzima, akasema polepole, "Hata mimi sinywi maji." Na mwingine naye akasema hivyo hivyo. Kumbe tulikuwa wengi na hatukuwahi kuambiana.

Asubuhi yake nilimkuta seremala amepiga magoti chooni, anapigilia komeo la chuma upande wa ndani. "Lijaribu, mama," akasema, macho chini. Nikaingia, nikafunga, nikamwambia asukume kwa nguvu zake zote. Mlango haukusogea, na hasira zangu zikaishia hapo.

Choo bado ni kimoja. Cha wanawake tunakidai, na inshallah tutakipata. Lakini chupa yangu ya maji sasa inakaa kando ya cherehani. Juzi niko ndani, mtu akapiga hodi. Nikaitikia kwa makusudi, kwa sauti ya bibi yangu, "Karibu." Nikamaliza haja yangu taratibu.